Ile ndege ya mabawa mawili iliyoanguka Tabora mwaka 1920 ilikuwa ya jeshi? Wenye kujua nisaidieni

MpakiaMizigo_Mza:

Habari za jioni wakuu. Mwadila.

Kazi yangu ni kupakia mizigo kwenye ndege hapa Mwanza, huu ni mwaka wa kumi na moja. Minofu ya sangara, mabondo (vibofu vya samaki), maboksi ya dawa, mara nyingine jeneza. Ndege ikitua mimi siangalii rangi wala jina lililoandikwa ubavuni. Naangalia mlango una upana gani, kizingiti kiko juu kiasi gani, na ndani sakafu imekaaje. Nalisema hili ili mjue kwa nini swali langu limenikaa kichwani miaka yote hii.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, akaja huku Mwanza kwa kazi ya reli. Alikuwa na kisa alichokipokea kwa baba yake. Baada ya vita ya Mjerumani, Waingereza walikusanya watu wakafyeke uwanja nje ya mji. Kufyeka kwenyewe hakukuwa kukata nyasi, kazi ilikuwa vichuguu. Walivipiga kwa majembe na mitaimbo, udongo wakaubeba kwa vikapu, mashimo wakayashindilia kwa miguu. Hakuna aliyewaambia uwanja ni wa nini. Halafu siku moja, mvua zikiwa zimeshamiri, ikaja eropleni kutoka upande wa ziwa.

Baba yake babu alisema ile eropleni ilikuwa na "dari mbili", bawa la chini na bawa la juu, na katikati nguzo na nyaya zimekazwa kama kamba za kitanda. Tumbo lilikuwa nene kama pipa. Ilipojaribu kuondoka ikaanguka, lakini haikuua mtu. Na kila mara babu alimalizia kwa maneno yaleyale: "Tumbo lake lilikuwa la mbao, mjukuu wangu. Mbao tupu, kama mtumbwi."

Babu alitutoka mwaka 2009. Sasa mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, shuleni kwao kuna maonyesho ya sayansi, na anataka kutengeneza mfano wa hiyo ndege ya babu. Akaniuliza, "Mjomba, ilikuwa ndege ya mizigo ya jeshi au ya abiria?" Nikakosa la kumjibu. Mwenzangu mmoja kazini anasema ilikuwa ya kurusha mabomu. Mimi nakataa, maana ndege ya mabomu isingekuwa na tumbo kama pipa.

Naomba anayeijua anieleze. Ilikuwa aina gani, ilibeba nini, ndani ilikuwaje, na ilikuwaje ishindwe Tabora wakati ilikuwa imeshatoka mbali kote huko?

---

Unyanyembe:

Mkuu, hiyo itakuwa ya Wabelgiji. Walikuwa na ndege Ziwa Tanganyika, wakaipiga Kigoma mabomu mwaka 1916, na Septemba mwaka huohuo wakaingia Tabora. Wazee wengi huku kwetu wakisema eropleni ya vita, wanasema ya Mbelgiji.

---

FundiMstaafu_Pasiansi:

Mwanangu MpakiaMizigo, babu yako alikuambia kweli tupu. Na lile neno alilolishikilia, tumbo la mbao, ndilo linaloitambulisha hiyo ndege.

Nilianza ufundi wa injini za ndege mwaka 1973 nikiwa mwanafunzi wa karakana. Sasa nimestaafu, naishi Pasiansi, na hizo ndege mnazopakia zinapita juu ya bati langu. Habari za ndege za kale nimezifuatilia tangu ujana, na hii ya Tabora naipenda kuliko zote kwa sababu ilikuja mpaka kwetu.

Unyanyembe, nakujibu kwa heshima ndugu yangu. Zile za Wabelgiji zilikuwa ndege za majini, zilitua ziwani kwa maboya. Ndege ya majini haihitaji mtu avunje vichuguu. Aliyevunjiwa vichuguu ni Mwingereza, mwaka 1919, alipotaka mstari wa viwanja kutoka Kairo hadi Cape Town. Kila mahali walitumika watu wa palepale, kwa majembe yao.

Ndege yenyewe ni Vickers Vimy Commercial, usajili wake G-EAAV. Ilianguka Tabora tarehe 27 Februari 1920.

Mwenzako wa kazini naye ana sehemu ya ukweli. Mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ya Vickers iliunda ndege ya mabomu iliyoitwa Vimy. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1917, na vita ikaisha kabla haijaanza kazi hasa. Juni 1919 Vimy mojawapo iliwavusha Waingereza wawili, Alcock na Brown, bahari ya Atlantiki bila kutua, ya kwanza duniani. Ilikuwa ndege nzuri, ila wewe mpakiaji usingeweza kuiweka kitu. Bodi yake ilikuwa nyembamba, ya pembe nne, fremu iliyokazwa kwa nyaya zinazopishana kona kwa kona, na nyaya hizo zilipita humo humo ndani. Ukisukuma boksi, linakwama kwenye waya. Ukiuondoa waya, bodi inapinda.

Sasa sikiliza walichofanya. Mabawa yakabaki yaleyale, na injini zikabaki zilezile mbili za Rolls-Royce Eagle, kila moja nguvu za farasi 360. Walichobadilisha ni bodi. Sehemu ya mbele wakaijenga upya kwa mbao nyembamba, ikawa ya mviringo kama yai, na kama yai, ganda lenyewe ndilo linalobeba uzito. Humo ndani hapakuwa na waya unaokatiza. Nafasi tupu! Weka viti kumi wakae watu kumi, au toa viti upakie mzigo wa karibu tani moja. Rubani na mwenzake walibaki juu puani, kwenye tundu lililo wazi, wakipigwa na upepo na mvua, huku abiria wamekaa ndani pakavu.

Hiyo ilikuwa Aprili 1919. Watu wanasifu mabawa na injini, lakini mimi naona ndege ya mizigo ilizaliwa siku ile waya ulipotoka tumboni. Wewe utanielewa kuliko rubani yeyote.

Kuhusu jeshi. Siku ilipokuja Tabora ilikuwa ya kiraia. Gazeti la Times la London ndilo lililogharamia safari. Iliondoka Brooklands, Uingereza, tarehe 24 Januari 1920, ikiendeshwa na makapteni Cockerell na Broome. Ndani walikuwa mafundi wawili na Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa katibu wa jumuiya ya zuolojia ya London. Walitaka kufika Cape Town.

Lakini mdogo wake, aliyefuata baada yake kwa muundo uleule, alivaa sare. Aliitwa Vickers Vernon. Jeshi la anga la Uingereza lilipotaka kwa mara ya kwanza ndege iliyoundwa mahususi kubeba askari, lilichukua umbo la hii ya Tabora, likaiimarisha magurudumu na kuipa nafasi ya askari 11. Zilitengenezwa 55. Zilifanya kazi Iraki kuanzia mwaka 1922, katika vikosi namba 45 na namba 70. Zilibeba barua kati ya Kairo na Baghdad, zikifuata mtaro uliolimwa jangwani ili rubani asipotee. Zilibeba wagonjwa. Februari 1923 zikabeba askari wa Kisikh karibu 500 kuwapeleka Kirkuk kulikokuwa na machafuko, na hapo ndipo dunia ilipoona kwa mara ya kwanza kikosi kizima kinahamishwa kwa ndege. Askari 11 kwa safari moja, piga hesabu mwenyewe ndege zile zilikwenda na kurudi mara ngapi.

Kwa hiyo mwambie mpwa wako ndege ya babu ni kaka mkubwa wa ndege ya kwanza ya kubebea askari ya jeshi la Uingereza. Anaweza kuandika hivyo kwenye bango lake bila hofu.

Nije kwenye kuanguka. Njia nzima injini zilikuwa zinawasumbua, walishatua mara kadhaa wakazishughulikia. Tabora injini ikakata wakati wa kuruka, na ndege yenye mzigo katika hali hiyo haina la kufanya ila kurudi chini. Ikavunjika. Wote watano wakatoka salama.

Lakini kuna jambo kubwa nyuma ya injini, na wewe umeliona kazini kwako hata kama hukupewa jina lake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200. Hapo hewa ni pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Ongeza joto la nyuzi 30 la mchana, hewa inazidi kutanuka, na ndege inajihisi kama iko mita 2,000. Injini inavuta hewa haba, inatoa nguvu haba. Panga la injini linakata hewa nyepesi, halivuti sawasawa. Bawa nalo linahitaji mwendo zaidi ili linyanyue, kwa hiyo uwanja unakuwa mfupi. Na zile Eagle zilipozwa kwa maji, na kwa urefu wa Tabora maji huchemka yakifika nyuzi 96, hayangoji 100. Rejeta inafura mapema, wakati ndiyo kwanza unaihitaji.

Nilifundishwa hilo kwa mkono wangu. Mwaka 1976 tulikuwa na Dakota, ile ndege ya kale ya injini mbili, imejaa hapa uwanjani Mwanza, saa saba mchana, na hakuna upepo. Nilipanda juu ya bawa kufunga kifuniko cha tangi la mafuta, nikaegemeza kiganja, bati likaniunguza mpaka ngozi ikavimba. Kapteni alisimama kivulini, akatazama kipimajoto, akatazama bendera ya upepo ilivyolala, akasema toeni magunia. Tukatoa manane. Mwenye magunia akalalamika kwa uchungu, maana alikuwa amelipia. Kapteni akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tungoje upepo wa ziwa. Saa kumi upepo ukaja, joto likashuka, tukarudisha magunia manne. Ile Dakota iliondoka vizuri. Sikuacha kuwafikiria wale wa mwaka 1920, hawakuwa na mtu wa kuwaambia hesabu hiyo, kwa sababu ndio waliokuwa wanaitafuta.

Ushahidi kwamba hawakuwa wazembe ni huu. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Machi, Vimy nyingine iliyokuwa na van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini ilishindwa kupanda Bulawayo, na Bulawayo nako ni juu kuliko Tabora. Wao walipewa ndege nyingine ndogo, DH.9, wakafika nayo Cape Town tarehe 20 Machi. Na kule Iraki, kwenye joto, Vernon za mwanzo zenye injini zilezile za Eagle zilikuwa hoi. Wakazibadilishia injini za Napier Lion za farasi 450, ndipo zikafanya kazi ya kueleweka.

---

MpakiaMizigo_Mza:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Mpwa wangu nimempa simu asome mwenyewe, na alipofika kwenye waya kutoka tumboni akanyanyua kichwa akasema, "Kumbe babu aliiona hiyo!" Ndiyo maana babu alisema tumbo, hakusema mabawa wala kelele. Yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa mtu wa kupakia mabehewa.

Hilo la hewa nalijua, mzee. Mchana tunaambiwa punguza kilo mia tatu, asubuhi na mapema ndege ileile inazibeba. Nilikuwa naamini ni tahadhari ya marubani tu.

Nina swali moja bado. Vitu vizito vilipitaje? Bodi ya yai la mbao, ukitoboa mlango mpana si umelivunja yai?

---

FundiMstaafu_Pasiansi:

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali la mpakiaji hasa, na ndilo lililowasumbua kwa muda mrefu. Ukitoboa ganda, lazima uzungushie fremu nene kwenye tundu ili nguvu zipite pembeni, na fremu ni uzito. Kwa hiyo milango ya wakati ule ilikuwa ya mtu kupita, ubavuni, na mzigo ulikuwa ule ambao mtu anaweza kuubeba akainama nao.

Waliopata njia nyingine ni Wamarekani, mwaka 1925. Jeshi lao lilinunua ndege ya mabawa mawili kutoka Douglas, injini moja ya Liberty, ikapewa herufi C, yaani "cargo", mizigo, na namba 1. C-1. Hiyo waliiwekea mlango wa sakafuni. Unaweka injini nzima ya ndege chini ya tumbo, unaivuta juu kwa kapi, inaingia kupitia chini. Ukiiona ile ndege ya mizigo ya jeshi, C-130, imetua hapo uwanjani kwenu, ujue ile C yake inaanzia hapo.

---

MjengaMitumbwi_Igombe:

Wakuu, mimi najenga mitumbwi na boti za uvuvi, na hapa mmegusa kazi yangu.

Mtumbwi wetu wa mbao una mkuku chini, una mataruma ndani, na mbao zinapigwa misumari juu ya mataruma. Nguvu iko kwenye mifupa. Ukitaka nafasi ya samaki, mataruma yanakula nafasi. Mzee anachoeleza ni chombo ambacho ngozi ndiyo mfupa. Sisi huku hatukujenga hivyo, lakini wenzetu wa upande wa juu wa ziwa, visiwa vya Sesse, walikuwa na mitumbwi yao mikubwa ambayo mbao zilishonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari. Mshono unakubali kupinda kidogo wimbi likipiga, msumari unapasua mbao.

Naleta habari hiyo kwa sababu Mwingereza mmoja mjenga boti, Sam Saunders, alifanya jambo la jinsi hiyo. Mwaka 1898 alitengeneza boti iliyoitwa Consuta. Alichukua mbao nyembamba za mahogani, tabaka nne, katikati ya tabaka akaweka kitambaa kisichopitisha maji, halafu akazishona pamoja kwa waya wa shaba. Mbao hizo zikachukua jina la boti, na mwaka 1912 zikatumika kwenye bodi ya ndege ya majini ya Sopwith. Mafundi wa boti na mafundi wa ndege walikuwa mtaa mmoja siku zile. Babu aliposema kama mtumbwi hakukosea hata kidogo.

Sasa kwa mtoto. Asichonge gogo. Akichonga gogo atapata umbo lakini hatakuwa ametengeneza ndege ile. Atafute mbao nyembamba kabisa, zile za milimita moja au hata maganda yanayobaki kwenye randa ndefu, azilowanishe kwa maji ya moto robo saa mpaka zilegee. Atengeneze kinyago cha umbo la yai kwa udongo au mti laini, akipake sabuni kisishike gundi. Tabaka la kwanza alaze kwa urefu, la pili alaze kwa kukatiza, la tatu kwa urefu tena. Afunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, aache usiku mzima. Asubuhi akitoa kinyago atabaki na ganda jepesi, na akilibonyeza kwa kidole atahisi lenyewe linamsukuma. Hapo ndipo ataelewa zaidi ya kusoma.

Mbao za hivyo ninazo hapa Igombe. Aje.

---

BintiKagera:

Nami niongeze kidogo kutoka Bukoba. Mimi nakusanya stempu na bahasha za kale, na Mwanza ina cheo chake humo ambacho watu wa Mwanza wenyewe hawakitaji.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ni miaka kumi na moja na siku moja tangu ile ndege ya Tabora ianguke. Abiria walikwenda mpaka Khartoum tu, lakini barua zilikuja mpaka hapa ziwani. Kipande cha kutoka Khartoum kuja ziwani kilifanywa na ndege za majini aina ya Short Calcutta, nazo za mabawa mawili, injini tatu za Bristol Jupiter, bodi ya chuma chepesi badala ya mbao, nafasi ya abiria 15.

Nina bahasha moja yenye mhuri wa Mwanza wa Machi 1931. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, na kona moja ina alama ya unyevu. Mama yangu aliiokota ndani ya kabati kuukuu alilonunua mnadani. Nikiishika huwa nafikiria imetoka majini hapo Mwanza na kupandishwa kwenye tumbo la ndege kwa mikono ya mtu kama wewe, kaka MpakiaMizigo.

Cheo hicho hakikudumu. Januari 1932 njia ilipofunguliwa mpaka Cape Town, ilipitishwa Kisumu, Nairobi, Dodoma, Mbeya, na Mwanza ikaachwa pembeni. Na kwa kuwa mnauliza za jeshi, Calcutta nayo ilikuwa na ndugu yake wa jeshi, Short Rangoon. Zilikuwa sita tu, zikafanya kazi Basra, Iraki hukohuko zilikokuwa Vernon.

---

Unyanyembe:

Nimekubali, mzee wa Pasiansi. Hilo la vichuguu limenimaliza. Kesho nitamuuliza mama mkubwa, yeye ana miaka zaidi ya tisini, kama aliwahi kusikia wazee wakitaja mahali pa huo uwanja wa kwanza. Akisema neno nitalileta hapa.

---

FundiMstaafu_Pasiansi:

Fanya hivyo ndugu yangu, na usikawie. Muulize taratibu, uanze na vichuguu na vikapu, usianze na ndege. Watu wa rika lake hukumbuka kazi kwanza.

BintiKagera, asante sana. Hiyo bahasha itunze mbali na jua.

---

MpakiaMizigo_Mza:

Wakuu, nawaletea tulichofanya leo. Mtoto alitaka kujua ukubwa wa ndege yenyewe. Bawa ncha hadi ncha ni kama mita 20 na nusu, urefu pua hadi mkia karibu mita 13. Tulichukua kamba ya kufungia mizigo, tukaipima, tukaitandaza uani kwa dada. Uani hapakutosha. Ncha ya bawa moja ilivuka ua wa michongoma ikaishia chini ya mpapai wa jirani, na jirani akatoka kuuliza kuna nini. Tulipomweleza akaleta viti vyake vya plastiki. Tukavipanga kumi, vitano huku vitano huku, katikati tukaacha njia, tukakaa sote na watoto wa mtaani. Magoti yaligusana na mgongo wa aliye mbele. Mimi nikatazama pale katikati, nikaona ningeweza kulaza maboksi ishirini ya minofu bila shida, kama viti vingeondolewa.

BintiKagera dada yangu, mpwa anaomba picha ya bahasha, aiweke pembeni ya bango. Mzee, tutakupitia Pasiansi utazame mchoro wa injini kabla hajaupaka wino.

Fundi wa Igombe, Jumamosi saa tatu asubuhi tuko kwako. Mtoto anakuja na kinyago chake cha udongo, tayari ameanza kukifinyanga. Tyubu ya baiskeli ninayo.